Mashine ya ujumbe wa sauti na swichibodi: kazi iko wapi

Fundi akiitwa kuunganisha mashine ya ujumbe wa sauti na swichibodi ya ofisi, kuchomeka waya ni kazi ya dakika chache. Kinachomtoa jasho ni kuifanya mashine ijue mambo mawili: simu hii ilikuwa ya nani, na mpigaji amekata saa ngapi.

Chukua ofisi ya Pasiansi jijini Mwanza, kando ya barabara iendayo uwanja wa ndege, yenye laini mbili za TTCL za 028 na swichibodi ndogo ya analogia. Mashine huchomekwa kwenye matundu ya ekstensheni kama simu yoyote ya mezani. Matundu hayo huwekwa kundi moja ili la kwanza likiwa bize simu irukie la pili. Kisha kila ekstensheni hupewa agizo: ikiita mara nne bila kupokewa, simu ihamie kwenye kundi hilo.

Ofisi nyingi huishia hapo, na ni kosa kubwa. Mteja wa Ukerewe amempigia mhasibu, ekstensheni 105, naye yuko benki. Mashine inapokea kwa salamu ya jumla na kumtaka mteja abonyeze upya namba ya anayemtafuta. Kwa nini asikate? Swichibodi inayo namba hiyo tayari. Ipangwe kuituma kwa milio ya vitufe mara mashine inapopokea. Kila kitufe ni milio miwili kwa pamoja, 5 kwa mfano ni hezi 770 na 1336. Mashine ikisikia 105 hufungua kisanduku cha mhasibu moja kwa moja. Tarakimu zikiwahi kabla mashine haijawa tayari, 1 humezwa na inabaki 05, kisanduku ambacho hakipo. Kuchelewesha milio kwa nusu sekunde mara nyingi hutosha.

Jambo la pili ndilo linalokera zaidi. Kwenye laini nyingi za analogia, mpigaji akikata, kinachofika ofisini ni mlio tu. Mashine iliyopangwa kiwandani kwa Marekani husubiri hezi 480 na 620 kwa pamoja. Ikiletewa mlio mwingine haiutambui, inaendelea kurekodi tii-tii-tii hadi muda wake uishe, na laini imeshikiliwa muda wote huo. Laini mbili zikishikiliwa hivyo, ofisi haipatikani. Fundi makini huurekodi mlio wa laini yenyewe, akapima hezi zake na sekunde za kulia na kunyamaza, ndipo akaviingiza kwenye mashine.

Mwanza ina jambo lake jingine: radi za Ziwa Victoria, na mawe ya graniti yasiyopitisha umeme vizuri. Fimbo ya shaba iliyogonga mwamba baada ya futi moja haijaleta ethi ya maana, na kinga ya radi kwenye laini bila ethi nzuri haisaidii. Tafuta penye udongo wenye unyevu, hata kama waya utakuwa mrefu kidogo.

Kabla hujamlipa fundi, piga simu kwa mkononi, mwombe mhasibu asipokee, acha maneno mawili kisha ukate katikati. Usikilize ujumbe huo mwenyewe. Ukikuta uko kwenye kisanduku kingine, au una mlio mrefu mwishoni, kazi haijaisha.