Maneno Yasiyokuwamo Kwenye Karatasi: Uhakiki wa Mazungumzo na Ufaraguzi katika Muziki wa Dansi Redioni, kwa Kurejelea Mara Jazz ya Musoma

1.0 Utangulizi

Uhakiki wa nyimbo za muziki wa dansi katika tasnifu za Kiswahili umejengeka juu ya mazoea ambayo hayajahojiwa ipasavyo. Mtafiti husikiliza wimbo, hunukuu beti na kiitikio, kisha huchambua dhamira, tamathali za semi na mtazamo wa mtunzi. Pale ambapo mwendo wa muziki hubadilika, gitaa la solo likashika uongozi na waimbaji wakaanza kuzungumza, unukuzi hukoma. Sehemu hiyo inayoachwa ndiyo wapenzi wa dansi waiitayo chemko.

Hoja ya uhakiki huu ni kwamba kuliacha chemko si suala la kubana nafasi tu. Ni kuipokea, bila kujua, matini ileile iliyowahi kupitishwa na wachujaji wa redio ya taifa, na kuiita wimbo mzima. Mfano unaoongoza mjadala ni Mara Jazz, bendi ya Musoma iliyojulikana kwa mtindo wake wa Sensera. Bendi hii inafaa kwa sababu makao yake yalikuwa mbali na Dar es Salaam. Mkazi wa Bunda au Butiama angeweza kuifuata ukumbini. Msikilizaji wa Mtwara aliifahamu kupitia redio. Kwa hiyo swali la kilichoingia redioni na kilichobaki nje linaihusu moja kwa moja.

2.0 Jazi, Mazungumzo na Ufaraguzi

Neno "Jazz" katika majina ya bendi za Tanzania lina historia yake. Dar es Salaam Jazz Band ilianzishwa mwaka 1932, na baadaye zikafuata Western Jazz, Morogoro Jazz, Tabora Jazz, NUTA Jazz na nyingine nyingi. Hazikupiga jazi ya Marekani. Zilipiga muziki wa kucheza uliopokea mengi kutoka rumba ya Kuba na, baadaye, kutoka Kongo, kwa magitaa, tumba na ala za kupuliza. Hata hivyo, kuna jambo moja linaloziunganisha na jazi ya Marekani, nalo ni ufaraguzi: mpigaji hubuni papo kwa papo ndani ya mpaka ambao wenzake wanaufahamu.

Ulinganisho mmoja unasaidia kubainisha tofauti. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, mpiga piano Marian McPartland aliendesha kipindi katika redio ya umma ya Marekani ambamo alimwalika mwanamuziki, wakazungumza, kisha wakapiga pamoja. Humo mazungumzo hukaa kando ya muziki na kuufafanua. Katika muziki wa dansi, mazungumzo yamo ndani ya muziki wenyewe. Mwimbaji humwita mpiga solo kwa jina, humhimiza, huwasalimu wapenzi wa bendi na hutaja mtindo, gitaa hujibu. RTD nayo ilikuwa na Klabu Raha Leo Shoo, kipindi ambamo bendi zilipiga moja kwa moja na kutambulishwa kwa wasikilizaji. Lakini hata pasipo mtangazaji, bendi ilijitambulisha yenyewe katikati ya wimbo.

Desturi hii si ngeni mkoani Mara. Litungu la Wakurya na nyatiti ya Waluo, ambao wapo pia Rorya, ni ala za nyuzi nane ambazo mpigaji wake huimba, hughani na kuwataja waliohudhuria. Katika uchezaji wa nyatiti kuna pakruok, ambapo msikilizaji husimamisha muziki, hutoa fedha, hujisifu au kumsifu rafikiye, kisha muziki huendelea. Haidaiwi hapa kwamba chemko la dansi limezaliwa na pakruok. Dai la aina hiyo lingehitaji ushahidi wa kihistoria wa bendi moja moja. Kinachodaiwa ni kwamba msikilizaji aliyelelewa katika desturi hiyo hakuona maneno ya katikati ya muziki kuwa kelele. Aliyasikiliza kama sehemu ya utendaji.

3.0 Karatasi na Kanda

Redio iliyoanza mwaka 1951 kwa jina la Sauti ya Dar es Salaam ilikuwa shirika la utangazaji la Tanganyika mwaka 1956, na mwaka 1965 ikawa Radio Tanzania Dar es Salaam. Hadi sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 ilipofungua mlango kwa vituo binafsi, RTD ndiyo iliyokuwa redio ya Tanzania Bara, na studio yake ndiyo iliyokuwa njia kuu ya bendi nyingi kurekodiwa. Askew (2002) na Perullo (2011) wameonyesha kwa kina jinsi dola, redio na uchumi wa muziki vilivyofungamana. Jambo ambalo wahakiki wa fasihi hawajalitilia maanani vya kutosha ni athari ya mfungamano huo kwa umbo la matini.

Mashairi ya nyimbo yalichunguzwa kabla ya kutangazwa, na si kila wimbo uliovuka. "Mambo kwa Soksi" wa Remmy Ongala, uliohimiza matumizi ya kondomu, haukukubaliwa redioni. Uchunguzi wa namna hiyo hushika kile kinachoweza kuandikwa: beti, kiitikio, ujumbe. Mwelekeo huo ulikuwa na mizizi katika sera. Katika hotuba yake ya Desemba 1962, Mwalimu Nyerere, mwana wa Butiama, alisikitika kwamba wasomi walizijua rumba na cha-cha-cha kuliko ngoma za makabila yao, akatangaza wizara ya utamaduni na vijana. Bendi za magitaa zilijikuta zikithibitisha uzalendo wao kwa kile kilichokuwa rahisi kupimwa, yaani lugha ya Kiswahili na maudhui yenye funzo.

Chemko halikupimika hivyo. Bendi ilipiga pamoja mbele ya vipaza sauti, na maneno ya chemko yalitoka wakati muziki ukiendelea. Ni kosa, hata hivyo, kuligeuza chemko kuwa uwanja wa uasi. Fundi mitambo alikuwapo, na kanda ingeweza kusimamishwa. Hoja hapa ni ya kiasi zaidi: palikuwa na sehemu mbili za wimbo zilizotawaliwa kwa viwango tofauti, moja kwa karatasi na nyingine kwa masikio ya waliokuwamo chumbani. Mhakiki anayenukuu beti peke yake anarudi kwenye karatasi.

Santuri zinatoa ushahidi wa aina nyingine. Nyimbo nyingi za dansi zilizotolewa kwenye santuri ndogo ziligawanywa sehemu ya kwanza na ya pili, upande kwa upande, na mara nyingi ubishani wa magitaa na maneno uliangukia upande wa pili. Mgawanyo huo wa kiufundi umekuwa, katika uhakiki, mgawanyo wa thamani: upande wa kwanza ni fasihi, wa pili ni burudani.

4.0 Majina kama Matini

Lebo ya santuri kwa kawaida hutaja wimbo, bendi na mtunzi. Mpiga gitaa la rithimu, la besi na mpiga tumba hawatajwi. Mara nyingi mahali pekee ambapo majina yao yamehifadhiwa ni katika sauti ya mwenzao anayewaita wakati wa chemko. Kwa bendi kubwa za Dar es Salaam, magazeti na kumbukumbu za mashabiki huweza kuziba pengo. Kwa bendi ya Musoma, jina lililoitwa mara moja kwenye kanda linaweza kuwa ndiyo hati nzima ya kazi ya mtu.

Hapa ndipo nadharia yetu wenyewe inapotuwajibisha. Mulokozi (1989) ameieleza fasihi simulizi kuwa tukio linalofungamana na fanani, hadhira, mahali na wakati. Tunaifundisha kauli hiyo, kisha tunauchambua wimbo wa dansi kama shairi lisilo na mahali. Chemko ndilo linaloyataja hayo yote waziwazi: linamtambulisha fanani, linaita hadhira, linataja mji. Tukilifuta, tunabaki na mtunzi mmoja na ujumbe mmoja, ilhali kilichorekodiwa ni kazi ya kundi zima.

5.0 Hoja Kinzani

Yapo mapingamizi mawili yanayostahili kujibiwa. La kwanza ni kwamba maneno ya chemko ni vijazio: salamu zilezile, himizo lilelile, na pengine sifa za kumfurahisha mfadhili. Ni kweli kwamba mengi yanajirudia. Lakini fomula si kinyume cha ufaraguzi. Ni mtaji wake. Mtambaji wa majigambo naye huanza na fomula, na ubunifu wake hupimwa kwa namna anavyoiwahi nafasi, anavyoipindua na anavyomlenga aliye mbele yake. Vivyo hivyo, himizo lililokwisha kuzoeleka linapotamkwa kabla tu ya solo kupanda, uzito wake umo katika wakati wa kutamkwa.

La pili ni la kiutendaji: maneno hayo hayasikiki vizuri, hukatwa na ala na huingiliana. Ugumu huo ni halisi, lakini si sababu ya kuyafuta pasipo taarifa. Mtafiti asiyesikia neno na aweke alama ya neno lisilosikika, kama afanyavyo mhariri wa mswada uliochanika.

6.0 Hitimisho

Uhakiki huu unapendekeza unukuzi wa safu tatu: safu ya beti na kiitikio, safu ya maneno yanayozungumzwa, ikionyesha nani anamwita nani na katika dakika ipi, na safu ya ala, ikionyesha ni ipi inayojibu. Unukuzi huo upelekwe pamoja na sauti kwa wazee waliocheza dansi Musoma, Bunda na Butiama, kwa swali moja mahususi: aliyeitwa hapa ni nani? Kanda za RTD zimerithiwa na TBC, na zinaweza kuhifadhiwa kwa miaka mingi ijayo. Watu wanaoweza kulijibu swali hilo hawana muda huo. Tasnifu itakayonukuu beti peke yake itakuwa imehifadhi kile ambacho wachujaji walikwisha kukihifadhi. Majina yaliyoitwa juu ya gitaa hayakuwamo kwenye karatasi yao, na hayana budi kuingia kwenye yetu.