Kilio Kilichopitia Mashine

Mwaka 2008 Kanye West, mwanamuziki wa kufokafoka wa Marekani, alitoa albamu ya 808s & Heartbreak. Humo hakufoka sana. Aliimba, sauti yake ikipitishwa katika Auto-Tune na midundo ikitoka katika mashine ya Roland TR-808. Mwaka uliotangulia alikuwa amefiwa na mama yake, Donda West, aliyewahi kufundisha Kiingereza chuo kikuu mjini Chicago. Kisha uchumba wake ukavunjika.

Albamu iliuzika sana, lakini wahakiki waligawanyika. Wengine walisema hajui kuimba, na kwamba mashine imeifanya sauti kuwa baridi. Nilipoisikiliza mara ya kwanza niliwaunga mkono. Nimesahihisha insha miaka mingi, na kosa langu la zamani ni kumnyima alama mwanafunzi aliyejibu kwa namna nisiyoitarajia. Sasa naona kuwa ubaridi ule ndio ujumbe wenyewe: mfiwa husema kama mtu aliye mbali na sauti yake. Nyimbo kadhaa zinachosha, hilo silikani. Lakini msiba haupimwi kwa uzuri wa koo la anayelia.