Kutetea Wazo kwa Mwandiko

Mara kwa mara mafratri wanatuletea miandiko yao ya kutetea wazo fulani, tuwaambie kama inafaa. Kusema kweli, mingi inatuchosha. Mwandishi anaanza na kuumbwa kwa dunia, anashuka polepole mpaka Mitaguso, anapanga maneno ya Mapapa na ya wataalamu kama matofali bila udongo. Tukifika ukurasa wa nne hatujajua bado anataka tukubali nini. Na mpinzani wake? Hayumo. Ao akiwamo, ni mjinga aliyewekwa pale apigwe tu.

Kwa hiyo tunawaomba wasome tena mabishano ya Lovanium, kule Léopoldville (leo Kinshasa), ya tarehe 29 Januari 1960. Tharcisse Tshibangu, mzaliwa wa Kipushi, alikuwa angali mwanafunzi. Padri Alfred Vanneste alikuwa mkubwa wa Fakulte ya teolojia. Mwaka uleule Revue du Clergé Africain ilichapa miandiko yao. Kichwa cha Tshibangu kiliuliza: kuelekea teolojia yenye rangi ya Afrika? Cha Vanneste kilijibu: kwanza teolojia ya kweli.

Tazameni lile neno «kwanza». Linashika hoja yote. Vanneste hakusema hapana; alidai utaratibu. Haifai basi kupiga kelele kwamba alidharau Afrika: anayefanya hivyo hamgusi hata kidogo. Sherti kujibu swali lake lenyewe: ikiwa ukweli wa ufunuo ni mmoja kwa watu wote, rangi itaingia wapi? Tshibangu alisimama palepale. Ufunuo ni mmoja, lakini namna za kufikiri na za kuhisi za mataifa ni mbalimbali. Kazi ya kuufahamu inaweza basi kupata rangi. Alidai «inawezekana», hakudai «imekwisha kuwako». Mzigo mdogo, lakini aliweza kuubeba. Ni kweli, deni lilibaki, kwani mwenye kusema inawezekana atadaiwa kazi yenyewe; na mwaka 1968 mabishano yalifunguliwa tena Kinshasa.

Kwa Vanneste nako tunaona shimo. Teolojia inayoitwa ya watu wote imeazima maneno mengi ya Wagiriki, na Mtakatifu Tomaso mwenyewe alimtumia Aristoteli bila haya.

Na Tomaso ndiye fundi wa kazi hii. Fungueni Summa, sehemu ya kwanza, swali la pili, sehemu ndogo ya tatu: anauliza kama Mungu yuko, na wa kwanza kusema ni yule anayekana, akileta ubaya wa dunia kama ushahidi. Tomaso hampunguzii makali. Ndipo anatoa njia tano, na mwishoni anarudi kumjibu neno kwa neno.

Fratri mmoja aliandika kwamba ngoma fulani ya kilio ifae katika Misa. Tukamwuliza: katekista mzee wa kwenu anayeikataa, anaikataa kwa sababu gani? Akajibu: «Kwa kuwa ni mzee.» Tukamrudishia karatasi zake. Wakati wa likizo alikwenda kumwuliza, na mzee akamweleza ngoma ile ilipigwa wapi zamani, na kwa kazi gani. Mwandiko wa pili ulikuwa na kurasa mbili pungufu, sababu za mzee zikiwa mbele kabisa, na ulitushawishi nusu. Ule wa kwanza haukumshawishi mtu.