Kumchagua Msahihishaji wa Miswada katika Intaneti

Kazi ya kusahihisha mswada wa Kiswahili, ambayo zamani ilifanywa na mtu aliyejulikana kwa jina na makao, siku hizi yauzwa katika intaneti kama ziuzwavyo bidhaa nyingine. Mwandishi hupeleka maneno yake na fedha zake kwa mtu asiyemwona, na baada ya siku moja au mbili hurudishiwa mswada umesafishwa. Wanafunzi wa vyuo vikuu hupeleka tasnifu, wachapaji hupeleka vitabu, na sisi wahariri hupeleka makala. Yafaa huduma hiyo ihakikiwe kama kihakikiwavyo kitabu, maana mkono wake umo ndani ya vitabu tunavyovihakiki kila mwaka, wala jina lake halionekani kwenye jalada.

Kisa kilichonifanya niandike ni mkusanyo wa mashairi ya mzee mmoja wa Mombasa, pamoja na dibaji aliyoitunga mwenyewe kwa nathari. Mimi nilikabidhiwa kuutayarisha kwa kupigwa chapa. Muda ulikuwa mfupi, nami nikatafuta msaada katika intaneti. Huduma ya kwanza niliiacha mlangoni, kwa kuwa tangazo lake liliahidi kuondoa “makosa zote”, nikaona kwamba hilo moja limewashinda. Ya pili ilijieleza kwa Kiswahili safi, ikataka malipo kwa hesabu ya maneno, nami nikapeleka.

Mswada ulirudi haraka, mweupe, bila alama hata moja ya kuonyesha kilichoondolewa na kilichotiwa. Kwa haki yapasa niseme kwamba palikuwa na kazi njema ndani yake. “Dhamani” iliandikwa “thamani”, maneno yaliyoandikwa mara mbili yalipunguzwa, na sentensi mbili za dibaji zilizokosa kitenzi zilitengenezwa kwa busara. Kama ningetazama hayo tu, ningaliandika barua ya shukrani.

Lakini mzee alikuwa ameandika “rafiki yangu”, nayo ikawa “rafiki wangu” kila ilipotokea. Aliyebadili alikuwa na kanuni mkononi: majina ya viumbe wenye uhai hufuata upatanisho wa mtu. Kanuni ni ya kweli katika “rafiki huyu mwema amefika”. Walakini kimilikishi cha jamaa na wapenzi kina desturi yake, twasema baba yangu, ndugu zetu, rafiki zake, na mtoto wa pwani huijua desturi hiyo kabla hajaujua ubao wa darasani. Najua wako wasemao “rafiki wangu”, wala sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni kwamba mzee hakusema hivyo, naye alisemeshwa.

Mahali pengine aliandika kwamba nyumbani mwake mna vitabu vya babu yake. Ikawa nyumbani kwake kuna vitabu. Wasomaji wa kurasa hizi hawahitaji kufundishwa tofauti ya pa, ku na mu, lakini na watazame hasara iliyopatikana. Mzee alituingiza ndani, penye giza la chumba na harufu ya karatasi kuukuu. Msahihishaji akatutoa, akatusimamisha uani. Sentensi zote mbili ni sahihi, na kwa sababu hiyo hapana mtu ambaye angaligundua mabadiliko hayo pasipo kuushika mswada wa kwanza.

Katika mashairi madhara yalizidi. Beti moja ilikuwa na kina cha “to” mwishoni: kito, mtoto, mato. “Mato”, yaani macho kwa lafudhi ya Mvita, iligeuzwa “macho”, na kina kikavunjika palepale. “Nti” iligeuzwa “nchi”. Hapo mizani haikudhurika, ila mtunzi alivuliwa nguo zake akavikwa za mwingine. “Napenda” ilifanywa “ninapenda” katika mshororo wa mizani 16, ukawa na 17. Jambo la kuchekesha ni kwamba “ndoo”, ambayo kwa mzee ni wito wa kumwambia mtu aje, haikuguswa kamwe. Nadhani waliona neno hilo ni chombo cha kutekea maji wakaridhika nalo. Shairi liliokoka pale tu alipokosea msahihishaji.

Nilimsomea mzee kurasa hizo kwa sauti kabla sijazilinganisha na za kwanza, na aibu ya jambo hilo ni yangu. Alinizuia penye ile beti.

“Mwanangu, umekosea kusoma.”

“Sikukosea, mzee. Ndivyo ilivyoandikwa.”

“Basi aliyeandika hana sikio.”

Tangu hapo nimejaribu kufahamu jinsi mtu, au chombo, awezavyo kukosa sikio na bado akauza kazi ya sikio. Programu za zamani za kusahihisha zilikuwa na orodha ya maneno, na kila neno lisilokuwamo zililipigia mstari. Kiswahili hakiwezi kukaa katika orodha ya namna hiyo, kwa kuwa kitenzi kimoja chazaa maelfu ya maumbo. Neno zima kama “asingalimwandikia” lilihesabiwa kuwa kosa. Programu za sasa ni hodari zaidi. Zimelishwa maandishi mengi sana, nazo hukisia neno gani laelekea kufuata neno gani. Kwa tabia hiyo lililo la kawaida hushinda lililo la nadra, hata kama la nadra ndilo alilolikusudia mwandishi. Chombo kama hicho chafaa sana kwa tangazo la mkutano. Kwa shairi la Mvita ni hatari, maana kadiri mtunzi anavyokuwa na sauti yake mwenyewe ndivyo anavyozidi kuonekana ana makosa.

Na palipo na mtu badala ya chombo, au mtu anayejificha nyuma ya chombo, malipo yenyewe humfundisha kutouliza. Alipwaye kwa neno hupata fedha ileile akiuliza au asipouliza, na swali lataka barua, na barua yataka kungoja. Hesabu ni nyepesi. Mswada wa maneno 40,000 ukiahidiwa kwa siku 2 za kazi za saa 8 kila moja, msomaji hana budi kupitia maneno 2,500 kwa saa, yaani zaidi ya 40 kwa dakika, bila kupumzika wala kufungua kamusi. Atakayefanya hivyo hawezi kuwa amesoma. Mteja anayefurahia ahadi ya siku 2 ameshachagua kutoulizwa.

Watu watasema kwamba kunyosha lugha za watunzi si jambo jipya. Ni kweli. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Unguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha iliyoanzishwa mwaka 1930 ilisoma miswada ya vitabu vya shule na kuvipa idhini. Wako waliolalamika, na wengine hawajaacha hata leo, kwamba lahaja za kaskazini zilionewa. Mimi mwenyewe huona malalamiko hayo yana uzito. Lakini Kamati ilikuwa na anwani, na aliyesahihishwa alijua amuandikie nani kumpinga. Ndivyo lilivyo hata Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa kwa sheria mwaka 1967. Huduma niliyoitumia ilinijibu kwa barua moja isiyo na jina, ikisema kwamba mabadiliko yote yalifuata “usanifu”. Nilipouliza ni kamusi gani waliyoitumia sikupata jibu.

Kwa hiyo, mtu anitakaye shauri humwambia achukue ukurasa wake mgumu kupita zote, si ule mwepesi, aupeleke kwa majaribio na kuulipia. Ukirudi na masahihisho tupu, amshukuru msahihishaji na kutafuta mwingine. Ukirudi na maswali pembeni, hata matatu tu, huyo amepatikana, ingawa bei yake ni kubwa na muda wake ni mrefu. Mswada urudi siku zote ukionyesha kila kilichofutwa na kila kilichoongezwa. Programu za kuandikia zina uwezo huo tangu zamani, na anayeukataa ana jambo analolificha. Tena aulize maandishi yake yatahifadhiwa wapi, na kama yatalishwa kwenye chombo. Tasnifu isiyotahiniwa bado ni mali ya kulindwa, na mwanafunzi aangalie pia chuo chake chamruhusu msaada wa kiasi gani.

Nasi tunaopeleka tuna deni letu. Sikuambatanisha hata karatasi moja ya kueleza kwamba mtunzi ni mtu wa Mvita, kwamba maumbo yake yaachwe, na kwamba vina na mizani vihesabiwe kabla ya neno lolote kuguswa. Karatasi hiyo ingalinichukua nusu saa. Kuyarudisha mashairi katika hali yake kulinichukua wiki tatu, nikiwa na mswada wa mkono upande huu na ule mweupe upande huu.

Mzee aliyapitia masahihisho yote mara ya pili, moja moja, nikimsomea. Aliyakataa mengi. Penye “thamani” alinyamaza kidogo, akanitaka nimtamkie tena, kisha akasema hilo liachwe kama walivyoliandika.