Moto wa Pili kwenye Fremu ya Kromoli

Fremu nyingi za magari ya mbio za drag nchini Marekani hujengwa kwa mabomba ya kromoli, chuma cha aina ya 4130: kaboni takriban asilimia 0.30, kromiamu karibu asilimia 1, na molibdenamu kidogo. Kanuni za NHRA, chama kinachosimamia mbio hizo, zinataka chuma hiki kichomelewe kwa TIG, na haziruhusu weldi kusagwa. Mafundi hubishania kinachofuata: kiungo kipashwe moto tena kutoa mkazo, au kiachwe?

Kwa bomba jembamba, nasema kiachwe.

Chuma kilicho kando ya weldi kikipata moto hutaka kutanuka, lakini bomba baridi linalokizunguka halikipi nafasi, nacho kwa kuwa kimelainika hujibana palepale. Kikipoa husinyaa kupita kilipoanzia, na mvutano unaobaki ndani, ndio mkazo wenyewe, huweza kukaribia kiwango cha kukipinda chuma chenyewe. Kromoli ina la ziada. Ikipoa upesi, ukanda ule hugeuka martensaiti, ngumu lakini nyepesi kupasuka, hasa hidrojeni ikiwa imeingia kupitia mafuta, kutu au unyevu.

Dawa kamili ni tanuri: fremu nzima ipashwe hadi nyuzi 590 hadi 650 za Selsiasi, ikae, kisha ipoe polepole. Tanuri la ukubwa huo ni wachache walio nalo, ndiyo maana wengi hushika moto wa asetilini na kupasha kiungo mpaka kiwe chekundu hafifu. Hapo ndipo ninapopinga. Penye jua kali, chuma kinachoonekana bado cheusi huenda kimeshapita nyuzi 600. Fundi akizidi kungoja wekundu akavuka takriban 760, muundo wa chuma huanza kubadilika upya, na kikipoa hewani ugumu hurudi. Tena, pale mabomba manne au matano yanapokutana, kupasha upande mmoja ni kuzaa mvutano mpya ule ule uliotaka kuuondoa.

Kazi yenye faida hutangulia. Mdomo wa bomba uchongwe ukae bila mwanya, usafishwe mpaka chuma king'ae, ushikizwe kwa vidonge vya weldi pande zote, kisha uchomelewe robo moja na kuhamia upande wa pili. Waya uwe ER70S-2 au ER80S-D2. Lincoln Electric, watengenezaji wa vifaa vya kuchomelea, huelekeza kwamba ukuta wa chini ya inchi 0.120, yaani milimita 3 hivi, kwa kawaida hauhitaji kupashwa kabla, mradi bomba lisiwe na ubaridi wa chini ya nyuzi 21. Baada ya kuchomelea, kiungo kipoe chenyewe: hakuna maji wala feni.

Unene wa ukuta ukizidi hizo milimita 3, kama kwenye vishikio vya sasipensheni, nakubali moto: nyuzi 150 hadi 200 kabla ya kuchomelea, na ikibidi kutoa mkazo baadaye, joto lipimwe kwa chaki maalumu inayoyeyuka kwenye kiwango kilichoandikwa juu yake.