Mkasi wa Janet Rowley

Kromosomu hazionekani wakati wowote mtu atakapo. Lazima seli ikamatwe katikati ya kujigawa, maana hapo ndipo nyuzi zake hujikunja zikawa vijiti vifupi vinene. Fundi wa maabara huziotesha seli za uboho, huzitilia kolkisini zisimalize kugawanyika, huzivimbisha kwa maji yenye chumvi hafifu, kisha huzidondosha tone kwa tone juu ya kioo. Tone likianguka vizuri, vijiti hutawanyika bila kulaliana. Likianguka vibaya hurundikana, na kazi ya siku kadhaa imekwenda. Hata unyevu wa hewa ya chumba una neno lake.

Mwaka 1960, huko Philadelphia, Peter Nowell na David Hungerford waliona kijiti kimoja kidogo kupita kiasi katika seli za wagonjwa wa aina moja ya saratani sugu ya damu. Ilidhaniwa kwamba kipande chake kimepotea.

Janet Rowley, daktari wa Chicago, alitumia rangi mpya zilizoipa kila kromosomu mistari yake. Alipiga picha kupitia hadubini, akazikata kromosomu moja moja kwa mkasi, akazipanga jozi kwa jozi kwenye meza ya chakula nyumbani. Wanawe walimtania kwamba analipwa kuchezea wanasesere wa karatasi. Mwaka 1972 akang'amua: kilichopungua kwenye kijiti kile kidogo, kromosomu ya 22, kimeongezeka kwenye ncha ya ile ya 9. Hakikupotea, kilihama.

Hapo ndipo ninaposimama kila mara. Kipande chenyewe ni kivuli kidogo tu mwishoni mwa kijiti, kati ya vijiti 46. Hakuna anayekiona kivuli hicho bila kwanza kuzitazama kromosomu salama mpaka azijue kwa urefu wake na mistari yake, na Rowley alizijua hivyo.

Baadaye ilijulikana kwamba pale vipande vilipounganika, jeni za BCR na ABL hushikamana na kutoa protini inayoisukuma seli igawanyike bila kukoma. Siku hizi kipimo cha PCR huutafuta muungano huo katika damu ya mkononi, hata kama seli yenye ugonjwa ni moja kati ya laki moja. GeneXpert, mashine ambayo hospitali za Afrika Mashariki zinaijua kwa kupima kifua kikuu, nayo ina katriji ya kazi hii, na majibu hutoka kwa saa chache. Anayemeza imatinibu, dawa iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2001 kuizuia protini hiyo, huambiwa kwa tarakimu kama inamsaidia.

Lakini PCR hujibu swali ililoulizwa tu. Kromosomu nyingine ikiharibika, haitaitaja. Kwa hiyo mgonjwa mpya bado hutolewa uboho ili kromosomu zikaguliwe zote: ya 8 ikizidi moja, kwa mfano, daktari hujua kwamba ugonjwa huo waweza kuwa mkali, naye hupanga matibabu akilijua hilo.