Kibandiko cha presha nyuma ya foki: kinachosema na kinachonyamazia

Kama baiskeli yako ya mlimani ina foki ya upepo, inama uangalie nyuma ya mguu wake wa chini. Kwenye foki nyingi za RockShox utakuta kibandiko kidogo chenye safu mbili: uzito wa mwendeshaji, na presha ya kujaza kwa PSI. Fox nao wana jedwali la aina hiyo katika maelekezo yao. Leo hebu tukisome kibandiko hicho kama tunavyosoma jedwali lolote la kisayansi. Kinadai nini? Kimepima nini? Kinanyamaza wapi?

Foki nzuri ni ghali, na vipuri vya kuiboresha navyo si vya kuchezea. Watu wengi hujaza presha iliyoandikwa, foki inakuwa ngumu au inagonga mwisho, kisha wanakimbilia kununua kifaa kipya. Msimamo wangu ni huu: kibandiko hakidanganyi, ila kinajibu swali moja tu, na miongozo mingi ya kujirekebishia foki nyumbani inakitumia kama vile kimejibu yote.

Kilipo sahihi

Tuanze kwa haki yake. Springi ya upepo ni pistoni inayobana hewa ndani ya bomba. Nguvu yake ni presha mara eneo la pistoni. Mtu mzito anahitaji nguvu kubwa zaidi kumbeba, na eneo la pistoni halibadiliki, kwa hiyo lazima presha ipande. Hapo hakuna ubishi. Wazo lenyewe ni la siku nyingi: RS-1, foki ya kwanza ya RockShox, iliyotoka 1989, nayo ilitumia upepo. Faida yake ni kwamba badala ya kununua springi nyingine ya chuma kwa kila uzito, unatumia pampu tu. Kwa dakika moja kibandiko kinakutoa kwenye giza na kukuweka jirani na jibu. Hiyo ni kazi nzuri.

Ila angalia kinachoingia kwenye jedwali: uzito wako, basi. Hakuna uzito wa baiskeli. Hakuna mkao wako, ingawa anayekaa nyuma kwenye tandiko na anayesimama ameinamia usukani wanaibana foki tofauti kabisa hata kama mizani inawapa kilo zilezile. Hakuna mteremko, ambao ndio unaohamishia uzito mbele.

Sagi inaona mwanzo tu

Baada ya kujaza, miongozo inakwambia upime sagi, yaani kiasi ambacho foki inazama ukiwa umepanda umetulia. Kwa kawaida wanataka asilimia 15 hadi 20 ya safari yote ya foki, wengine hadi 25. Ukiipata, ati kazi imekwisha.

Ngoja tufanye hesabu. Chukua foki ya mfano yenye safari ya milimita 150, na pistoni ya kipenyo cha milimita 32. Juu ya pistoni kuna hewa ya urefu wa milimita 250. Ijaze hadi PSI 80. Robert Boyle alitupa kanuni mwaka 1662: joto lisipobadilika, ujazo ukipungua nusu, presha inapanda mara mbili. Tahadhari moja tu: kanuni hiyo inataka presha kamili, yaani ya geji ukijumlisha na ya angahewa. Usawa wa bahari hiyo ni 80 na 14.7, sawa na 94.7.

Foki ikizama milimita 30, geji ingesoma PSI 93. Ikizama zote 150, ingesoma 222.

Sasa weka tokeni. Ni kipande cha plastiki kinachofungwa ndani, chini ya kifuniko cha juu, ili kupunguza ujazo wa hewa. Tuseme tokeni zetu zimekula milimita 20, hewa imebaki 230. Rudia hesabu. Kwenye milimita 30 unapata PSI 94. Kwenye 75, katikati ya safari, unapata 126 badala ya 121. Mwisho kabisa unapata 258 badala ya 222.

Umeona? Mwisho wa safari foki imekuwa ngumu kwa asilimia 16, lakini pale unapopima sagi tofauti ni PSI 1 na kidogo. Hata ukiingiza kwenye hesabu chemba ya chini, ile inayosukuma kinyume ili foki ianze kuzama kwa ulaini, sagi yako inasogea karibu milimita moja. Hiyo huwezi kuisoma kwa rula ukiwa unayumba juu ya baiskeli. Foki mbili zenye tabia tofauti kabisa kwenye jiwe kubwa zitakupa sagi ileile gereji.

Kwa hiyo mtu anayesema "sagi yangu ni sahihi, lakini foki bado inagonga mwisho, nahitaji presha zaidi" anachanganya mambo mawili. Presha inapandisha mstari mzima, tokeni zinakunja mwisho wake. Kama mwanzo na katikati unapapenda na tatizo liko mwisho tu, ongeza tokeni, usiguse presha. Na kama hufiki kabisa robo ya mwisho ya safari hata kwenye njia mbaya, toa tokeni kabla hujashusha presha.

Polepole si sawa na haraka

Kuna jambo la pili ambalo kubonyeza usukani gereji hakutakuonyesha. Kanuni ya Boyle inafanya kazi pale hewa inapopata muda wa kutoa joto. Ukitua kutoka kwenye ruko, foki inabanwa kwa sehemu ndogo ya sekunde. Joto halina pa kukimbilia, hewa inapata moto, na presha inapanda zaidi. Kama hakuna joto linalotoka kabisa, foki yetu ya mfano bila tokeni ingefika PSI 327 mwisho wa safari badala ya 222. Uhalisia uko kati ya namba hizo mbili, lakini ujumbe unabaki: foki unayoijaribu polepole sebuleni si ile utakayokutana nayo kwenye mawe. Ndiyo maana tokeni zinapangwa njiani, kwa kuangalia raba ndogo iliyo kwenye bomba la juu imesukumwa hadi wapi.

Namba yenyewe inayumba

Tukubali sasa kwamba unataka PSI 80. Je, unazo 80 kweli?

Anza na pampu. Geji nyingi za pampu za foki zinakwenda hadi 300, na alama zake zimepishana kwa 5 au 10. Wewe unafanya kazi kwenye robo ya chini ya sahani. Halafu ukiunganisha pampu, hewa kidogo inatoka kwenye foki kujaza mpira wa pampu, na presha unayosoma imeshashuka. Ukichomoa, ule mlio wa "pss" mara nyingi ni hewa ya mpira, si ya foki. Kwa hiyo usiunganishe pampu "kuangalia tu" kisha ukashangaa imepungua. Tumia pampu moja kila siku. Hata kama inadanganya, angalau idanganye kwa kiasi kilekile.

Halafu joto. Foki iliyojazwa PSI 80 asubuhi kwenye nyuzi 10 itasoma karibu 88 ikifika nyuzi 35. Na mwinuko: baiskeli iliyojazwa Mombasa ikipandishwa Nairobi, mita 1,800 hivi juu, geji itaongeza karibu PSI 3 kwa sababu hewa ya nje imepungua. Kwenye springi si jambo kubwa. Lakini ndani ya miguu ya chini, mahali pasipopaswa kuwa na presha yoyote, hewa iliyofungiwa Mombasa nayo inasukuma sili kwa hizo PSI 3. Ndiyo maana Fox 36 na 38 za miaka ya karibuni zina vitufe nyuma ya miguu vya kuitoa. Kibandiko kinaandika namba moja bila kutaja hali ya hewa wala mahali.

Usisahau chemba ya chini. Inajazwa kupitia kinjia kidogo ambacho pistoni inakipita karibu na mwanzo wa safari. Ukijaza mara moja ukaondoka, juu kuna 80 na chini kumebaki kidogo, na foki inaanza ngumu kama ubao. Jaza, bonyeza polepole mara kadhaa, utaona geji imeshuka, jaza tena. Foki nyingi zinazoitwa "mbovu" zinaponea hapa.

Msuguano, mshukiwa wa kwanza

Hiki ndicho kipimo ambacho miongozo mingi inakiruka, na ni rahisi. Panda, rafiki akushikie baiskeli na awe na rula. Kwanza bonyeza foki chini sana, kisha jiachie taratibu hadi mkao wako wa kawaida, asome. Halafu nyanyua uzito mikononi ili foki ipande, shuka taratibu hadi mkao uleule, asome tena. Namba hazitalingana. Wastani wake ndio sagi yako, na pengo lake ni msuguano wa sili na bushi.

Pengo likiwa milimita 2 au 3, endelea na mambo ya presha. Likiwa 10, acha kila kitu. Hakuna PSI wala tokeni itakayotibu foki iliyokauka oili. RockShox wanaelekeza miguu ya chini ifunguliwe, isafishwe na kuwekewa oili mpya kila saa 50 za kuendesha, Fox wanasema 125. Kwenye vumbi letu jekundu, mimi ningefuata namba ndogo. Oili na sili ni bei ndogo kuliko kifaa chochote cha kuboresha, na ndipo ulaini mwingi unapopotelea.

Onyo moja la dhati: toa upepo wote kabla hujafungua kifuniko cha juu. PSI 80 kwenye pistoni yetu ni nguvu ya kama nyutoni 440, sawa na uzito wa kilo 45. Ni karibu mfuko mzima wa saruji unaosubiri kukurushia kifuniko usoni.

Vifaa vya kuboresha vinajibu nini

Sisemi vifaa hivyo ni uongo. Luftkappe ya Vorsprung, kampuni ya Kanada, ilipanua chemba ya chini ya foki za Pike na Lyrik za wakati ule. Fizikia yake ni safi: chemba kubwa ya chini inasaidia foki kuzama kwa ulaini mwanzoni, hivyo unaweza kujaza presha zaidi na kupata msaada katikati. Baadaye RockShox wenyewe wakapanua chemba hiyo. Öhlins na Manitou wana foki zenye chemba ya tatu, inayokuruhusu kurekebisha mwisho wa safari peke yake bila kuharibu mwanzo, tena kwa pampu badala ya plastiki.

Ninachokosoa ni namna vinavyouzwa. Vyote vinatangazwa kwa maneno yaleyale, "laini zaidi, msaada zaidi", wakati kila kimoja kinagusa sehemu tofauti ya mstari. Kabla ya kutoa hela, taja tatizo lako kwa sentensi moja: liko mwanzo, katikati au mwisho wa safari? Kama huwezi kulitaja, bado hujafika dukani.

Na baada ya kununua, usijiamini sana. Mtu aliyelipa pesa nyingi atasikia ulaini hata usipokuwepo, ni ubinadamu. Kuna jaribio la bure la kujikagua. Rafiki yako arushe sarafu kabla ya kila mzunguko: kichwa, anaweka presha yako ya kawaida, mwenge, anaongeza PSI 5. Asikwambie, na wewe usiangalie foki imezama kiasi gani. Endesha kipande kilekile cha njia mara sita, na kila mara useme ni ipi. Kupata zote sita kwa bahati tupu ni nafasi 1 kati ya 64. Ukipata tatu, basi PSI 5 kwako ni kelele tu, na huna sababu ya kukosa usingizi kwa ajili ya 2.

Kibandiko ambacho ningekichapisha

Ningeacha safu mbili za sasa, ni mwanzo mzuri. Chini yake ningeweka mistari mitupu ya kujaza kwa kalamu: joto la siku ile, idadi ya tokeni, sagi ya kushuka na ya kupanda, raba ilipofika baada ya kuendesha, na tarehe oili ilipobadilishwa mara ya mwisho. Kampuni hazitachapisha hicho, lakini kipande cha selotepu ya karatasi na kalamu unavyo. Kibandike juu ya kile cha kiwandani, na ubadilishe kitu kimoja tu kwa wakati.